Ramani ya boti kwa mtu wa Dodoma: anza na mahali itakapolala

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari anayeishi Ipagala, Dodoma. Nalifupisha: "Nina ua wa kutosha na nimewahi kutengeneza viti na makabati ya nyumbani. Nataka kuunda boti ndogo ya mbao, ya kuvulia kwa ndoana na kutembeza wanangu wawili, kwenye bwawa la Hombolo na mara mojamoja la Mtera. Shemeji yangu ana pikapu. Nimepata ramani tatu mtandaoni: ya bure ya futi 8, ya dola 45 ya futi 12 ya plaiwudi, na ya mashua ya futi 16 yenye mataruma (miti iliyopindwa inayoshikilia mbao kwa ndani) na tanga, ambayo naipenda kuliko zote. Nichukue ipi?"

Mwalimu, nianze na hiyo unayoipenda, kwa sababu ndiyo ninayotaka uiache.

Miaka michache nyuma bwana mmoja wa hapa mjini aliniita nimtazamie mashua. Alikuwa ameinunua Mtera mwezi Mei kwa wavuvi, ikiwa nzima na inaelea vizuri, akaipakia kwenye fuso mpaka Kisasa, akaiweka uani juu ya matofali akisubiri likizo ya Desemba. Mimi nilifika Septemba. Niliinama chini yake nikaangalia juu, nikaona mwanga kati ya kila ubao na mwenzake. Pamba ya kalafati, ile inayoziba nyufa kati ya mbao, ilikuwa inaning'inia. Nikapanda ndani, nikadondosha sarafu ya shilingi mia mbili kwa wima kwenye mwanya mmoja. Ikapenya, ikaangukia vumbini. Yule bwana hakusema kitu, akaiokota akanirudishia.

Hakuna aliyemdhulumu. Chombo cha mbao mojamoja kinazuia maji kwa sababu mbao zenyewe zimevimba kwa maji na kubanana. Ndiyo maana kwetu pwani mashua haikai juu miezi. Ikipandishwa ni kupigwa kalafati na kupakwa sifa (mafuta ya samaki), kisha inarudi majini. Sasa ilete Dodoma, ambako mvua ikikatika Aprili ni jua na upepo mkavu hadi Desemba. Kila ubao unakauka, unasinyaa, na misumari inalegea. Dawa yake inajulikana: unaizamisha siku kadhaa ivimbe tena. Ipagala utaizamisha wapi, Mwalimu, kwenye tenki la lita elfu tano?

Hesabu siku. Kwa kazi yako na ada za watoto, ukienda majini mara ishirini kwa mwaka umefanya vizuri sana. Siku 345 zinazobaki boti itakuwa uani kwako. Watu huchagua ramani kwa kufikiria maji, wakati boti yako itaishi nchi kavu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila ramani ni hili: je, chombo hiki kinaweza kukaa miezi mitano chini ya turubai Dodoma, halafu kishushwe majini asubuhi moja bila kuvuja? Mashua ya mataruma haiwezi. Boti ya plaiwudi iliyoshonwa na kugandishwa kwa epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, inaweza, kwa kuwa haina mwanya wa kufunguka. Tabaka za plaiwudi zimepandana zikikatizana nyuzi, kwa hiyo ubao hausinyai kwa upana, na epoksi ikipakwa pande zote huzuia unyevu kuingia na kutoka.

Njia yenyewe si ngeni. Mwaka 1963 kilizinduliwa Uingereza chombo kidogo kinachoitwa Mirror, jina la gazeti lililokifadhili, chenye urefu wa kama mita 3.3. Kilikusudiwa mtu wa kawaida akiunde kwenye banda la gari nyumbani kwake: vipande vya plaiwudi vinatobolewa matundu pembeni, vinashonwa pamoja kwa waya wa shaba kama nguo, kisha viungo vinagandishwa. Zaidi ya 70,000 vimeundwa. Kabla ya hapo, mwaka 1947, huko Florida, Clark Mills alichora Optimist kwa ajili ya watoto, chombo cha mita 2.3, kwa sababu bodi ya plaiwudi ni futi 8 na hakutaka kuiunga. Navitaja kwa sababu moja. Ramani inayofaa mtu wa mara ya kwanza ni ile ambayo wengine wengi wameshakosea juu yake, na mchoraji akasahihisha. Ukimwandikia mchoraji wa futi 12, muulize boti ngapi zimeundwa kutokana na karatasi hiyo. Akikwepa, dola zako 45 zibaki mfukoni.

Tuje kwenye ya bure. Futi 8 inavutia: bodi tatu tu, wikiendi mbili tatu, inaingia kwenye pikapu bila shida. Lakini umeniandikia watoto wawili. Kuna hesabu ndogo ambayo kila mwenye boti anapaswa kuijua: boti ikizama sentimita moja, inabeba kilo ngapi? Chukua urefu unaogusa maji, zidisha kwa upana, punguza kidogo kwa sababu boti si sanduku. Ya futi 8 inagusa maji kama mita 2.2 kwa 0.9; ukipunguza unapata karibu mita za mraba 1.7. Sentimita moja ya kina juu ya eneo hilo ni lita 17 za maji, yaani kilo 17. Sasa pakia: boti yenyewe 35, wewe 75, shemeji 80, watoto 60, vikorokoro 20. Jumla 270. Inazama sentimita 16. Ramani uliyonitumia ina ubavu wa sentimita 30, kwa hiyo kati ya maji na ukingo pamebaki 14. Urefu wa kalamu. Mtoto akiinuka kuonyesha ndege, ukingo unafika majini.

Fanya hivyo hivyo kwa futi 12. Mita 3.2 kwa 1, ukipunguza ni kama mita za mraba 2.4, yaani kilo 24 kwa sentimita. Uzito wa boti unapanda hadi kama 65, ongeza injini ndogo 25, watu walewale, jumla 325. Inazama 13 na nusu, na kwa ubavu wa 45 unabaki na zaidi ya 31. Hapo naweza kulala usingizi wanao wakiwa majini.

Ya futi 8 si mbaya. Kwa mtu mmoja mwenye ndoana Hombolo, asubuhi pametulia, inatosha kabisa. Mtera ni kitu kingine, na sidhani kama waliokuuzia wazo hili walikueleza.

Mtera ni bwawa la umeme. Lilijengwa kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu ili mitambo ya Kidatu kule chini isikose maji kiangazi, kwa hiyo kazi yake ni kujaa na kupungua. Kimo cha juu kinachoruhusiwa ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, cha chini 690. Mita nane na nusu za tofauti, na kingo zake nyingi ni tambarare, ndiyo kusema mahali uliposhushia boti Mei patakuwa uwanda wa tope lililopasuka ifikapo Novemba, na maji yako kuleee. Utaibeba. Watu wawili wanabeba kilo 65 kwa kupumzika. Kilo 140 za mashua hawabebi. Kwenye ramani tafuta uzito wa boti tupu. Ramani isiyotaja uzito ni picha tu.

Halafu visiki. Maji yalipopanda miti haikukatwa yote, na mingine bado imesimama humo, mingine imekatikia chini kidogo ya uso wa maji. Hiyo ndiyo sababu nakuambia kitako kiwe cha milimita 9 hata kama ramani inasema 6, na chini kivishwe kitambaa cha faiba. Mbavu zibaki 6, usiongeze uzito pasipo na sababu. Na upepo: kuanzia Juni hadi Oktoba mchana unavuma kwa nguvu, na kwenye maji mapana namna ile unapata mawimbi mafupi yanayopiga karibukaribu. Boti ya kitako bapa itayapiga makofi. Utalowa, lakini haitapinduka kirahisi, na kitako bapa ni rahisi kuunda na kinaelea kwenye kina cha goti. Ya umbo la V ni tulivu zaidi kwenye mawimbi ila inadai fundi aliyeshazoea. Ya kwanza iwe bapa. Toka alfajiri, rudi saa nne. Viboko na mamba wapo, na hakuna ramani ya plaiwudi inayomshinda kiboko. Kaa mbali na matete, waulize wavuvi wa pale kabla hujashusha.

Sasa plaiwudi. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotea.

Ramani yako itaandika plaiwudi ya baharini, pengine na BS 1088, alama ya kiwango cha Uingereza cha plaiwudi hiyo. Utaingia duka la vifaa vya ujenzi na kuuliza "marini". Muuzaji, bila kukudanganya, atakuonyesha marini bodi: lile bodi jeusi au la kahawia linalong'aa, milimita 18, wanalopigia zege la slabu. Hilo ndilo jina lake mtaani. Silo. Bodi moja ina kilo kama 35, wakati plaiwudi ya milimita 6 ina kama 10. Ule utando unaong'aa umewekwa ili zege lisishike, na kama zege halishiki, epoksi nayo haishiki. Ndani yake mara nyingi kuna matundu kati ya tabaka, kwa sababu fomu ya zege haihitaji zaidi.

Kinachopatikana kwetu ni plaiwudi ya kawaida, nyingi ikitoka viwanda vya Mafinga kwa miti ya Sao Hill, na nyingine ya kuagizwa. Ipo nzuri na ipo ya kulia. Mwaka wa kwanza nilipohamia Dodoma nilinunua bodi sita katika duka moja ambalo silitaji, muuzaji akaapa kuwa ni za maji. Sikupima. Kiburi cha mtu wa pwani, nilijiona najua mbao kwa harufu. Miezi saba baadaye mteja akanipigia: kitako kimetoa malengelenge. Nilipobonyeza kwa kidole gumba palibonyea na kurudi kama chapati. Tabaka la juu lilikuwa limeachana na la pili kwenye eneo la ukubwa wa sinia. Nilibadilisha kitako kizima kwa pesa yangu.

Tangu siku hiyo nachemsha. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja kutoka bodi ileile utakayonunua, kitie kwenye sufuria ya zamani, kichemke saa mbili. Kianike kikauke kabisa, kisha chemsha tena. Halafu ingiza ncha ya kisu kati ya tabaka. Gundi nzuri itakulazimisha upasue mbao. Gundi mbovu itafunguka kama daftari lililolowa. Kabla ya hapo, angalia kingo za bodi pande zote nne ukitafuta matundu meusi, na igonge kwa kifundo cha kidole ukisikiliza mahali panapolia tupu. Pima na unene. Bodi ya "sita" niliyopima juzi ilikuwa tano na pointi mbili.

Unene unatuleta kwenye inchi. Ramani nyingi za bure ni za Marekani, na Mmarekani akiandika mbao ya "1 kwa 2" anamaanisha kipande kilichopigwa randa chenye milimita 19 kwa 38, si inchi kamili. Hapa ukiagiza moja kwa mbili ya paina utapewa kitu kisichopigwa randa, pana upande mmoja kuliko mwingine. Usibadilishe vipimo kichwani ukiwa na msumeno mkononi. Kaa mezani jioni moja, andika vyote kwa milimita, kisha funga ukurasa wa inchi. Afadhali ununue ramani iliyochorwa kwa milimita tangu mwanzo, na iliyoonyesha jinsi ya kupanga vipande vyote juu ya bodi za 1220 kwa 2440. Mpangilio huo ndio utakuambia ununue bodi ngapi, kama BOQ, ile orodha ya vifaa, ya nyumba.

Kama ramani ina vielelezo vya ukubwa halisi, bahati yako ni kuwa Dodoma ya sasa ina plota, zile printa za karatasi kubwa, kila kona kwa sababu ya michoro ya majengo. Ila mwambie kijana wa stesheneri asiruhusu kompyuta iubane mchoro uingie kwenye karatasi. Pima mraba wa majaribio uliopo pembeni ya mchoro. Ukiandikwa 100, uwe 100, si 97. Asilimia tatu kwenye futi 12 ni sentimita 11, na mbavu zako hazitakutana na kitako.

Kwa kuwa yako inazidi futi 8, bodi zitaungwa. Tazama ramani inaungaje. Njia mbili ni za kawaida: mshazari, ambapo kila bodi inapigwa randa kwa mteremko wa nane kwa moja, yaani milimita 48 kwa bodi ya sita, na kiraka, ambapo bodi zinakutana kichwa kwa kichwa na kipande kinagandishwa nyuma yake. Mshazari unapendeza na unapinda vizuri. Wewe chukua kiraka. Hakuna samaki atakayeuliza.

Kabla hujanunua hata bodi moja, nunua karatasi ngumu ya manila. Kwa kipimo cha moja kwa kumi, bodi nzima ya plaiwudi ni milimita 122 kwa 244, inaingia kwenye karatasi ya A4. Chora vipande vyote, kata kwa mkasi, unganisha kwa selotepu kuanzia omo, yaani ncha ya mbele, kurudi nyuma. Kazi ya jioni moja, na watoto wasaidie. Kama ubavu wa manila unagoma kukutana na kitako, au omo inajikunja vibaya, ramani ina kosa au umeisoma vibaya, na umelijua kwa gharama ya karatasi. Nimewahi kuletewa ramani ya bure ambayo kitako chake kilikuwa kifupi kuliko mbavu. Plaiwudi ilikuwa imeshakatwa. Mimi nimeweka rafu nzima ya viboti vya manila sebuleni, mke wangu ameshakata tamaa.

Gundi kwa kifupi. Epoksi, si gundi nyeupe ya makabati, na si rezini ya mafundi bodi wa magari, ambayo inang'ang'ania faiba vizuri lakini kwenye mbao hubanduka. Ikichanganywa inajipasha moto yenyewe, na joto la Oktoba linaiharakisha. Nimeona kikombe kikifuka moshi mkononi mwa kijana wangu. Changanya kidogo, mimina kwenye trei pana, fanya kazi Juni na Julai saa za asubuhi. Upepo ukianza funga turubai, la sivyo utapaka vumbi. Ya kujazia pembe za ndani ichanganye na unga laini wa mbao mpaka isimame kwenye mwiko ukiuinamisha. Ikivutika kama mlenda, ongeza unga. Kushonea, waya wa kufungia nondo unatosha, mradi uutoe wote baadaye kabla haujashika kutu ndani.

Mambo mawili ambayo ramani za nje hazitakuambia. Chini ya viti funga dumu za lita 20 zilizozibwa vizuri. Kila moja inabeba kama kilo 20 boti ikijaa maji, kwa hiyo ziwe sita, zifungwe kwa mikanda zisichomoke. Dumu si mbadala wa jaketi la kuokolea kwa kila mtu, watoto wakipata la saizi yao. Na kabla ya kuunda, si baada, pita ofisi ya uvuvi ya wilaya kuulizia leseni, na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kuhusu ukaguzi na usajili wa chombo kidogo. Nenda na ramani mkononi. Ukurasa wenye uzito, urefu na idadi ya watu ndio watakaoutaka, na ya bure haina.

Basi chukua ya futi 12, kama majibu ya mchoraji yatakuridhisha: zimeundwa ngapi, inazama kiasi gani ikiwa na kilo 260 ndani, injini kubwa kabisa inayoifaa ni ya nguvu za farasi ngapi, na kitako cha milimita 9 kinabadilisha vipimo gani. Pikapu ya shemeji, kama ni ya kabini moja, ina bodi ya kama mita 2.3, boti itatokeza zaidi ya mita nyuma, mfungie kitambaa chekundu. Hiyo mashua ya tanga itunze kwenye faili mpaka siku utakapohamia Pangani.

Ukishamaliza kuishona kwa waya, iache usiku mmoja bila gundi. Asubuhi funga kamba kutoka ncha ya omo hadi pembe ya nyuma ya kulia, halafu ya kushoto. Zikilingana, anza. Zikipishana hata sentimita moja, boti imepinda. Legeza waya, isukume, pima tena. Nipigie simu hapo kabla hujafungua kopo la epoksi, nitapita nikirudi Kisasa.